Wifi asema mafuta yangu ndiyo yaliyomharibia mama mkwe macho

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 43, ninaishi Uyole, Mbeya, pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Ninafundisha shule ya msingi, na kila alfajiri kabla ya kwenda kazini ninakaanga maandazi ambayo mdogo wangu anayauza stendi. Fedha hiyo ndiyo inayolipa ada ya binti yetu mkubwa anayesomea uuguzi. Mama mkwe wangu, mwenye miaka 71, ni mwenyeji wa Kyela, naye amekaa nasi tangu baba mkwe alipofariki, sasa ni mwaka wa tisa. Tumeishi vizuri, na watu wengi wanadhani ni mama yangu mzazi.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana alikuwa barazani akichambua mchele. Kwa wiki kadhaa tulikuwa tukitafuna changarawe kwenye wali, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Siku hiyo aliinua ungo, akauleta karibu na uso, akageuza kichwa kushoto kisha kulia, akaniita. "Mwanangu," akasema, "hili jiwe nikitazama pembeni ninaliona, nikilitazama lenyewe linatoweka." Nilimpeleka hospitali. Daktari wa macho alimtia dawa ya kupanua mboni, akaangalia ndani, akatuambia kwamba makula ya jicho imeanza kuchakaa kwa sababu ya umri, kwamba ni aina ile kavu, na kwamba imefikia hatua ya kati. Alitupa karatasi yenye miraba ya kupimia nyumbani, akasema mama apunguze mafuta, ale mboga za majani na samaki, kisha akatupangia miadi.

Neno hilo, "apunguze mafuta," ndilo lililoleta moto ndani ya nyumba. Wifi yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alipokuja Krismasi alifungua kabati la jikoni, akatoa dumu la mawese la lita tano ambalo mama huletewa kutoka Kyela, akaliweka mezani mbele ya ndugu wote na kusema, "Haya ndiyo yaliyompofusha mama." Kisha akaleta karai langu la maandazi. Mama Mshauri, sitakuficha: mafuta yake yalikuwa meusi. Huwa ninayatumia siku tatu au nne, nikiongeza mapya juu ya ya zamani, na unga ninaukanda kwa mafuta ya mgando. Mama alikuwa akinywea chai maandazi hayo mawili kila asubuhi kwa miaka yote hiyo.

Wifi alituachia mafuta ya alizeti na chupa mbili za vidonge vya mafuta ya samaki. Yeye ni wakala wa vidonge hivyo. Chupa moja ni shilingi 85,000, na anataka tununue mbili kila mwezi, yaani 170,000, ambazo ni karibu faida yangu yote. Mume wangu anasema nimpe dada anachotaka, yaishe. Tangu hapo mama anakula mboga za kuchemsha na chumvi tu, bila tone la mafuta, na vitenge vyake vimempwaya. Usiku anakuja jikoni kuniomba nimpikie ndizi kwa mawese kidogo bila wifi kujua, akisema mawese ndiyo yaliyowalinda macho tangu utotoni. Mara mbili nilimpikia. Mara ya tatu nilikataa kwa hofu, naye akanyamaza, akarudi kulala bila kula.

Je, ni kweli mimi ndiye niliyemharibia mama macho? Ninunue vidonge au nilipe ada? Na nimsikilize nani, mama au wifi?

Mkazamwana, Uyole

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye ungo. Mama alikueleza ugonjwa wake kwa usahihi ambao vitabu vingi havina, nawe ulimwelewa siku hiyohiyo na kumpeleka hospitali. Ninaanza na hilo kwa sababu katika kikao cha Krismasi, kwa jinsi ulivyosimulia, hakuna aliyelitaja.

Umeniuliza kuhusu mafuta, lakini nasikia kwamba mzigo unaokulemea zaidi ni ile sentensi iliyosemwa juu ya dumu mbele ya ndugu wote. Tuitazame polepole, maana ndani yake kuna chembe ya ukweli iliyofungwa pamoja na mambo ambayo si ya kweli, na ukiibeba yote kwa pamoja itakuvunja mgongo.

Makula ni kitovu kidogo cha retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Kwa kitovu hicho tunasoma, tunatunga uzi kwenye sindano na kuona jiwe ndani ya mchele. Mambo ya pembeni tunayaona kwa sehemu iliyobaki. Mafuta yana kazi kubwa pale. Seli zinazopokea mwanga zimejengwa kwa kiasi kikubwa na aina ya mafuta ya omega-3 iitwayo DHA, ambayo mwili hutengeneza kidogo sana na tunaipata hasa kwa kula samaki. Chini ya seli hizo ipo safu nyingine inayosafisha taka zao. Umri ukisogea, usafishaji hulegea, na taka zenye mafuta na kolesteroli hujikusanya kama vidoa vya njano viitwavyo druseni, ambavyo daktari huviona akishapanua mboni. Kwa hiyo wifi yako hakukosea kusema kwamba mafuta yamo katika habari hii. Hata hivyo, si mafuta yaliyotoka kwenye karai lako yakaenda kutua jichoni. Sehemu kubwa ya taka hizo hutokana na kazi ya seli za jicho lenyewe.

Ugonjwa huu chanzo chake kikubwa ni umri, kisha nasaba, yaani kile tulichorithi. Katika yale ambayo mtu anaweza kuyabadili, la kwanza ni tumbaku, na shinikizo la damu na afya ya moyo navyo vinahusishwa. Je, mama aliwahi kuvuta kiko au sigara katika ujana wake? Kuna kaka au dada yake aliyepoteza uwezo wa kuona uzeeni? Shinikizo lake la damu limepimwa lini? Maswali haya sikuyaona katika barua yako, na nina wasiwasi kwamba hata katika kikao hayakuulizwa, kwa sababu dumu lilikuwa tayari mezani. Mama amekula chakula chako kwa miaka tisa. Kabla ya hapo alikula miaka 62 katika majiko mengine, likiwemo lake mwenyewe. Hakuna daktari anayeweza kutazama jicho la mtu mmoja akasema liliharibiwa na mpishi fulani.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe, na hapa ninaomba uvumilivu wako, kwa kuwa mambo hayajakaa jinsi yalivyoelezwa nyumbani kwako. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ugonjwa wa makula ulikuwa mwingi zaidi kwa watu waliokula kwa wingi mafuta ya mimea, hususan yale yenye asidi ya linoleiki, kijenzi kimojawapo cha mafuta hayo, na kwamba omega-3 ilionekana kuhusiana na unafuu kwa wale tu ambao linoleiki yao ilikuwa kidogo. Tazama basi: mafuta ya alizeti ya kawaida, ambayo wifi amekuletea kama tiba, ni miongoni mwa mafuta yenye linoleiki nyingi kabisa. Sisemi hivyo ili umkomeshe wifi, na wala sisemi alizeti ni sumu, kwani kwa moyo ina sifa zake. Tafiti za namna hii hutazama makundi ya watu na kulinganisha wanachokula na kinachowapata, hivyo haziwezi kuthibitisha kwamba kitu kimoja ndicho kilicholeta kingine. Ninachokuomba uone ni kwamba kuhamisha lawama kutoka chupa moja kwenda nyingine hakumsaidii mama.

Mawese nayo yana pande mbili. Nimekulia Tukuyu na harufu yake naijua tangu utotoni, kwa hiyo namwelewa mama anapoamka usiku kuyatafuta. Anaposema yaliwalinda macho, asichukuliwe kuwa mzee anayeota. Mawese mekundu yasiyosafishwa kiwandani yana karotini nyingi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na upungufu wa vitamini hiyo ndio unaomfanya mtoto ashindwe kuona giza linapoingia, na ukizidi humpofusha kabisa. Ni kwa sababu hiyo watoto wetu wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A. Lakini huo ni ugonjwa mwingine. Kuchakaa kwa makula hakuletwi na upungufu wa vitamini A, na mawese hayawezi kurudisha nyuma uchakavu huo. Isitoshe, karibu nusu ya mawese ni mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayoganda kirahisi, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula kwa siku. Kijiko kimoja katika sufuria ya ndizi na kikombe kizima ni vitu viwili tofauti. Wewe huwa unamimina kiasi gani? Hilo ni swali la kwenda nalo kwa daktari, maana "apunguze" si sawa na "aache," na pengine ninyi wote mlisikia neno ambalo hakulisema.

Hilo la kuacha ndilo linalonitia hofu kuliko yote uliyoniandikia. Mboga za majani zinasifiwa kwa ajili ya makula kwa sababu zina luteini na zeaxanthini, rangi za manjano ambazo jicho huzihifadhi palepale kwenye kitovu. Zimo kwenye majani ya maboga, mchicha na chainizi, na pia kwenye kiini cha yai na mahindi ya njano. Rangi hizo huyeyuka kwenye mafuta. Watu waliopimwa damu baada ya kula kachumbari isiyo na mafuta kabisa walionekana kufyonza kiasi kidogo mno cha rangi za namna hiyo, na walipoongezewa mafuta wakafyonza zaidi. Kwa hiyo sahani ya mama ya majani yaliyochemshwa kwa maji na chumvi, inayomkondesha na kumnyima usingizi, huenda inakifanya kipite mwilini bila kufyonzwa kile hasa mnachotaka akipate. Parachichi la Rungwe lililokatwa pembeni ya mboga, yai, karanga zilizotwangwa, au mafuta kidogo ya kupikia vingefanya kazi ambayo maji hayawezi. Naye amekonda, hilo peke yake linatosha kuiwahisha miadi.

Kuhusu karai, mwanangu, sitakubembeleza kwa maneno matamu. Mafuta yaliyochemshwa siku nne hadi yakawa meusi yameharibika, na mafuta ya mgando yaliyotengenezwa kwa kugandisha mafuta ya maji kiwandani yanaweza kuwa na mafuta ya transi, ambayo mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Soma maandishi kwenye kopo. Ninaelewa kwamba kumwaga mafuta mapema kunapunguza faida, na hesabu yake unaijua wewe. Ila ningependa utenganishe mambo mawili: kubadili mafuta kwa ajili ya moyo wa mama, wa watoto na wa wateja wako wa stendi ni jambo unaloweza kulifanya bila kukiri kwamba wewe ndiye uliyempofusha mtu.

Sasa vidonge. Fikra kwamba mafuta ya samaki yatalinda makula haikutoka hewani, kwa kuwa watu wanaokula samaki mara kwa mara wameonekana kupatwa na ugonjwa huu kwa uchache zaidi. Ndiyo maana Marekani walifanya jaribio kubwa liitwalo AREDS2, lililowahusisha watu 4,203 wenye umri wa miaka 50 hadi 85 ambao makula zao zilikuwa tayari na dalili na kwenye hatari ya kuendelea kuharibika. Baadhi walipewa DHA miligramu 350 pamoja na EPA, omega-3 nyingine, miligramu 650 kila siku. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2013, omega-3 hiyo ya vidonge haikuwa imepunguza mwendo wa ugonjwa kuelekea hatua ya mwisho. Labda samaki wa kwenye sahani analeta mengine pamoja naye, au anachukua nafasi ya chakula kibaya zaidi. Dagaa wa Ziwa Nyasa, au mbasa ukiwapata, mara mbili kwa wiki, ni chakula ambacho mama alikizoea kabla wewe na mimi hatujazaliwa.

Vipo vidonge vya aina nyingine ambavyo wifi hakuvitaja. Jaribio la kwanza, AREDS, lilionyesha mwaka 2001 kwamba mchanganyiko maalumu wa vitamini C, vitamini E, karotini, zinki na shaba ulipunguza kwa karibu asilimia 25, katika miaka mitano, uwezekano wa mtu wa hatua ya kati kufikia hatua kali. Baadaye karotini iliondolewa na kuwekwa luteini na zeaxanthini, kwa sababu vidonge vya karotini viliongeza saratani ya mapafu kwa watu waliovuta sigara. Mchanganyiko huo haurudishi uoni uliopotea, na una zinki nyingi isiyomfaa kila mzee. Lakini kwa kuwa mama yuko hatua ya kati, ni haki yenu kumuuliza daktari kama unamfaa, unapatikana wapi na kwa bei gani, kabla ya kujifunga na shilingi 170,000 za kila mwezi kwa kitu kingine. Nenda na chupa ya wifi asome maandishi yake, pamoja na dawa zote anazotumia mama, maana mafuta ya samaki kwa kiwango kikubwa yanaweza kugongana na dawa za kuzuia damu kuganda.

Umeniuliza umsikilize nani. Njia ninazoziona ni kadhaa, na hakuna isiyo na gharama. Ukinunua vidonge ili yaishe, kama anavyotaka mume wako, utapata utulivu wa mwezi mmoja au miwili. Kisha ada itadaiwa, na kila mara jicho la mama litakapozidi kufifia utaulizwa kama ulimpa vidonge viwili au kimoja. Ukiendelea kumpikia mawese usiku, utampa mama furaha yake, lakini siri ya jikoni haikai, na siku ikifichuka itaonekana kama ushahidi wa yale uliyotuhumiwa. Ukimkabili wifi kwa takwimu hizi nilizokuandikia, huenda ukashinda mjadala na kumpoteza wifi. Ninamfikiria naye. Anaishi mbali, mama yake anazeeka mikononi mwa mwanamke mwingine, na dumu lile lilimpa kitu cha kushika. Kwamba anauza vidonge haimaanishi kwamba hampendi mama. Huenda anaamini kwa dhati anachokiuza.

Je, isingewezekana miadi ijayo mumeo awepo, na wifi asikilize kwa simu wakati daktari anajibu maswali mliyoyaandika pamoja: mama apunguze mafuta gani, kwa kiasi gani, na ni vidonge vipi vina faida kwake? Hatari ni kwamba wifi anaweza kujisikia ameitiwa hakimu. Pengine ombi hilo likitoka kwa mumeo, kaka mtu, litapokelewa kwa urahisi zaidi. Hapo ndipo ningependa uzungumze naye faraghani, umwambie kwamba ukimya wake umekuacha peke yako kwenye lile karai. Na yupo mmoja ambaye katika barua yako yote hakuulizwa. Mama ana miaka 71, ana akili zake timamu, na macho ni yake. Yeye mwenyewe anataka kula nini, na amekubali hatari gani?

Wakati mnangoja, itumieni ile karatasi ya miraba kila siku, jicho moja likiwa limefunikwa, huku amevaa miwani yake ya kusomea kama anayo. Mistari ikianza kupinda ghafla, au doa jeusi likitokea katikati, msisubiri miadi. Mpelekeni siku hiyohiyo au inayofuata, kwa sababu aina kavu inaweza kugeuka kuwa ile yenye mishipa inayovuja, na hiyo inatibiwa kwa sindano za ndani ya jicho ambazo hufaa zaidi zikiwahiwa. Mwambieni pia, kwa maana nina hakika analiogopa bila kulisema, kwamba ugonjwa huu kwa kawaida hula katikati na kuacha pembeni, hivyo haumtupi mtu kwenye giza totoro.

Na lile jambo la kutazama jiwe kwa pembeni, alilolivumbua mwenyewe barazani, ndilo wataalamu wa uoni hafifu wanalowafundisha wagonjwa wao. Usimnyang'anye ungo. Mketishe mahali penye mwanga mwingi, mwekee mchele kwenye sinia la rangi ya giza ili punje zionekane, na ukipata nafasi jioni, keti naye mchambue pamoja.